Mtoto wa miezi minane



Nilipokuwa mdogo, kwetu Tanga, kulikuwa na jambo moja ambalo watu wazima walilisema kwa uhakika uleule waliousemea kuchomoza kwa jua. Walisema mtoto akizaliwa wa miezi saba huishi, lakini akizaliwa wa miezi minane haishi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Bibi yangu alikuwa mkunga wa mtaa, amewapokea kwa mikono yake nusu ya watoto niliocheza nao, na yeye ndiye niliyemsikia akilisema jambo hilo mara nyingi zaidi.

Mwaka 1968 mama yangu alijifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati wake. Bibi akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, akanyamaza. Mimi nilikuwa na miaka saba. Ninachokumbuka ni kwamba mtoto alifungwa pamba, akalazwa karibu na jiko la mkaa, na kila alipotoa pumzi aliguna, mguno mdogo kama wa paka. Hospitali haikuwa mbali, kwa mguu ni mwendo wa nusu saa. Hakupelekwa. Haukuwa ukatili, maana bibi alikesha naye usiku mbili bila kufumba jicho. Hakupelekwa kwa sababu alikuwa wa miezi minane. Siku ya tatu alfajiri akafariki, kabla ya kufika ile siku ya saba ambayo watoto wa kwetu hupewa jina.

Wiki hii nataka kuzungumzia ule mguno, na daktari mmoja mwanamke wa Marekani ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kujua unatoka wapi.

Jina lake Mary Ellen Avery. Alizaliwa mwaka 1927 huko Camden, katika jimbo la New Jersey. Jirani yao alikuwa Emily Bacon, daktari wa watoto, na katika miaka ile daktari mwanamke alikuwa kitu cha kutazamwa mara mbili. Mama huyu alimchukua binti wa jirani akaenda naye hospitali, na huko ndiko Avery alikomwona njiti kwa mara ya kwanza. Basi likamkaa moyoni. Akasoma, akaingia chuo cha udaktari cha Johns Hopkins mjini Baltimore, ambako wanawake darasani walikuwa wachache wa kuhesabika, akamaliza mwaka 1952. Hajakaa sawasawa kazini akagunduliwa ana kifua kikuu. Akalazimika kupumzika kwa muda mrefu. Mwenyewe alikuja kusema kwamba maradhi hayo ndiyo yaliyomfanya ayatamani mapafu, na mimi namwamini, kwani mtu aliyelazwa kwa ajili ya mapafu yake ana wasaa mwingi wa kuyafikiria.

Wakati ule njiti walikuwa wakifa kwa wingi Marekani kwenyewe, pamoja na utajiri wake wote. Mtoto huzaliwa akilia, baada ya muda mfupi anaanza kuguna, mbavu zinaingia ndani, pua inatanuka, anageuka rangi, na siku ya pili au ya tatu amekwenda. Wakiyapasua mapafu, madaktari waliona ndani yake utando unaong'aa kama kioo. Wakasema, naam, utando huu ndio unaowaziba pumzi. Wakaupa ugonjwa jina la utando huo, na kwa miaka mingi wakawa wanatafuta namna ya kuuzuia. Kumbe walikuwa wakimkimbiza mbwa badala ya mwizi.

Jibu lilianzia mahali pabaya. Miaka ya 1950 majeshi ya Uingereza na Marekani yalikuwa yanachunguza gesi za sumu za vitani. Askari aliyevuta gesi hizo hujaa povu mapafuni. Mwingereza mmoja, Richard Pattle, akiwa katika maabara za kijeshi za Porton, aligundua mwaka 1955 kwamba povu la mapafuni haliishi haraka kama povu jingine. Viputo vyake havipasuki. Upande wa pili wa bahari, katika maabara ya jeshi la Marekani jimboni Maryland, John Clements akatengeneza chombo cha kupimia nguvu ya ngozi ya maji yale. Hakuna kati yao aliyekuwa anashughulika na watoto wachanga.

Avery alikwenda Boston mwaka 1957 kufanya utafiti katika maabara ya Jere Mead, pale Harvard, huku akiwafuatilia vichanga katika hospitali ya wazazi. Akayaangalia mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa ule, akayalinganisha na ya watoto waliokufa kwa sababu nyingine. Akaona kitu ambacho wengine walikuwa wamekiangalia bila kukiona: mapafu ya wale wengine yalikuwa na povu, na ya njiti hayakuwa nalo. Akafunga safari kwenda kwa Clements, akajifunza kile chombo, akarudi akapima. Mwaka 1959 yeye na Mead wakatoa makala yao. Walichosema kwa ufupi ni kwamba tatizo si kitu kilichozidi mapafuni. Tatizo ni kitu kilichopungua. Ule utando wa kioo ni matokeo tu ya pafu lililokwisha kuumia.

Wasikilizaji, wengi wetu tumechezea maji ya sabuni utotoni. Unachukua bua la mpapai, unachovya, unapuliza, kiputo kinatoka kinaelea. Ondoa sabuni uone kama utapata kiputo. Maji matupu yanavutana, hayakubali kutanuka. Sasa, mapafu yetu yana vifuko vya hewa mamilioni kwa mamilioni, vidogo ajabu, na ndani vyote vina unyevu. Mwili umevipaka kitu mfano wa sabuni, ili tukitoa pumzi vifuko visigandane. Mtoto tumboni huanza kuitengeneza sabuni hiyo kwenye wiki ya ishirini na nne hivi, kidogo kidogo, na kwa kawaida humtosha afikapo wiki ya thelathini na tano. Akizaliwa kabla, kila pumzi kwake ni sawa na pumzi ya kwanza. Anafungua mapafu, yanagandana, anayafungua tena. Mtu mzima mwenye nguvu hawezi kazi hiyo kwa siku tatu, sembuse kiumbe cha kilo moja na nusu.

Na ule mguno? Mguno ni mtoto anayefunga koo lake nusu wakati wa kutoa pumzi, ili hewa kidogo ibaki ndani na vifuko visifungane. Hakuna aliyemfundisha. Nilipolisoma jambo hilo kwa mara ya kwanza, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu, niliweka kitabu chini nikatoka nje.

Makala ya mwaka 1959 haikuokoa mtoto hata mmoja papo hapo. Mnamo tarehe 7 Agosti 1963 mke wa Rais wa Marekani, Jacqueline Kennedy, alijifungua mtoto wa kiume wiki tano na nusu kabla ya wakati. Hebu hesabuni wenyewe. Huyo ni wa miezi minane. Alikuwa na kilo mbili na ushei, wengi wa njiti wetu wangeuonea wivu uzito huo. Akaitwa Patrick. Akapelekwa Boston, akawekwa katika chumba cha chuma chenye oksijeni ya mgandamizo, baba yake, mtu mwenye madaraka kuliko wote duniani, akisubiri nje. Aliishi saa thelathini na tisa. Maradhi yale yale, ya kuguna. Tangu hapo fedha za utafiti wa vichanga zikaanza kupatikana Marekani kwa wepesi zaidi, kama ilivyo desturi ya ulimwengu: kifo cha mtoto wa mkubwa husikika mbali.

Avery aliendelea. Aliongoza wodi za vichanga kule Johns Hopkins, mwaka 1969 akahamia Montreal nchini Kanada, na mwaka 1974 akarudi Boston kuwa daktari mkuu wa hospitali ya watoto, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Ndiyo hospitali ileile alikofia Patrick. Mwaka 1980 Mjapani, Tetsuro Fujiwara, akawapa watoto kumi ile sabuni, akiwa ameitoa katika mapafu ya ng'ombe, akiipitisha kwa mpira hadi kwenye njia ya hewa, nao wakaanza kupumua. Marekani iliruhusu dawa ya aina hiyo kutumika mwaka 1990. Tangu makala hadi dawa kuruhusiwa ni miaka thelathini na mmoja. Mwaka uliofuata Avery akapewa Nishani ya Taifa ya Sayansi. Alifariki Desemba 2011.

Kama hadithi ingekomea hapo, msingekuwa na sababu ya kunisikiliza. Dawa ya Fujiwara na ndugu zake ni ghali, tena inahitaji mikono yenye ujuzi wa kuipitisha mahali pake. Lakini kuna sehemu ya kazi ya Avery ambayo haitajwi sana, nami ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Kufikia miaka ya 1980 hospitali kubwa za Marekani zilikuwa na mashine za kumpulizia njiti pumzi kwa nguvu. Watoto walipona, lakini wengi walitoka na mapafu yaliyochubuka, wakabaki wagonjwa miezi na miaka. Avery, ambaye alikuwa na cheo na umri wa kumtosha kustarehe, akauliza swali la kishamba: je, kila mahali ni hivyo hivyo? Akakusanya hesabu za vituo vinane, na mwaka 1987 akazichapisha. Kituo kimoja cha New York kilikuwa na mapafu mabovu machache kuliko wenzake. Siri yake? Madaktari wa pale hawakukimbilia mashine. Walimwekea mtoto vijimrija vifupi puani, hewa ikapita, na mwisho wa mpira wakautumbukiza katika chupa ya maji, sentimita chache chini ya uso wa maji. Basi. Hewa inapotoka inatokota, blu blu blu, na yale maji yanairudisha nyuma kidogo, hata mapafu hayafungani. Yaani chupa inamgunia mtoto, ili yeye apumzike.

Njia hiyo ya kuyashikilia mapafu kwa hewa ilielezwa na George Gregory na wenzake wa San Francisco mwaka 1971, na ya chupa ni ndugu yake wa bei nafuu. Ikafika kwa jirani zetu. Katika hospitali kuu ya Blantyre, Malawi, walitengenezewa kifaa rahisi cha namna hiyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: kati ya vichanga wenye shida kubwa ya kupumua waliopewa oksijeni ya kawaida tu, walipona 44 katika kila mia, waliowekewa kifaa cha kutokotesha hewa, 71. Chupa ya maji na pampu ndogo.

Kuna sindano pia. Daktari Liggins wa Auckland, New Zealand, alikuwa akichunguza kondoo, akagundua kwamba mwanakondoo aliyetangulia kupewa dawa fulani tumboni huzaliwa na mapafu yaliyokomaa kupita umri wake. Yeye na mwenzake Howie wakaijaribu kwa akina mama waliokaribia kuzaa mapema, wakatangaza mwaka 1972 kuwa inafaa. Dawa hizo si ghali, deksamethasoni imo humo, na imo katika stoo za hospitali zetu kwa kazi nyingine. Lakini msiikimbilie dukani. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo, wa kuisambaza sindano hiyo hadi kwenye vituo vidogo. Watoto wadogo hawakufaidika, na kwa jumla vifo viliongezeka kidogo. Mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine, Kenya ikiwamo tena, uliofanywa katika hospitali zenye uwezo wa kupima umri wa mimba na kumtunza njiti baada ya kuzaliwa. Humo vichanga waliokufa walikuwa 19.6 kwa mia, dhidi ya 23.5 kwa wale ambao mama zao hawakupewa. Sindano ileile. Tofauti ilikuwa wodi.

Na sasa nifike nyumbani. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na njiti wengi na mashine za joto chache. Watoto wawili watatu walilazwa katika mashine moja, wakaambukizana, na baadhi ya akina mama, waliokatazwa kuwagusa, wakawaacha hospitalini moja kwa moja. Akasema, basi, mama ndiye atakuwa mashine. Mtoto avuliwe, abaki na nepi na kofia, afungwe wima kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, anyonye hapo hapo. Ndiyo inayoitwa njia ya kangaruu. Kwa muda mrefu mabingwa walisema ni sawa, lakini ni kwa ajili ya watoto waliokwisha kutengemaa. Mgonjwa na akae kwanza kwenye mashine. Shirika la Afya Duniani likaamua kulijaribu jambo hilo katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, watoto 3,211 wenye uzito kati ya kilo moja na kilo moja na gramu mia nane. Nusu wakaanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, nusu wakasubiri kutengemaa. Matokeo yakatoka mwaka 2021. Waliosubiri walikufa 15.7 katika kila mia. Walioanza mara moja, 12. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki tena kumnyima mtoto kifua cha mama yake.

Nawaombeni muangalie jambo moja hapo. Ili mama awe kifuani kwa mtoto tangu saa ya kwanza, lazima kitanda cha mama kiwe ndani ya wodi ya vichanga wagonjwa. Si ng'ambo ya ukumbi, si ghorofa ya chini, si benchi la nje. Nilizuru wodi moja ya njiti, mji sitautaja. Mashine tatu za joto, mpya kabisa, msaada wa watu wema, moja ikiwa imefunikwa shuka kwa sababu imeharibika na fundi hajapatikana. Akina mama wanalala wawili wawili katika kitanda kimoja kwenye jengo jingine, wanaitwa kila baada ya saa tatu kuja kukamua maziwa, wengine wamepasuliwa juzi na wanatembea wameshika tumbo. Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja. Nilimwuliza anahitaji nini. Nilitegemea ataje mashine ya nne. Akasema, "Baba, nipatie vitanda na viti, hao mama zao ndio watanisaidia kazi."

Mle wodini alikuwamo baba mmoja kijana, dereva wa bodaboda, koti lake limetundikwa msumarini. Mkewe alikuwa bado hajaweza kuinuka. Mtoto alikuwa ndani ya shati la baba, amefungwa khanga, kikofia cha sufi kinachungulia shingoni. Kijana alikuwa akiona haya kidogo watu wakipita. Nikamwamkia nikapita, nisimzidishie haya.

Narudi kwa ile miezi saba na minane. Sikutaka kumfanya bibi yangu mjinga. Imani hiyo si ya Tanga peke yake, imo hata katika maandishi ya Kigiriki yanayohesabiwa kuwa ya Hippocrates, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Lakini mapafu hayajui hesabu hiyo. Mtoto wa miezi minane ana sabuni nyingi kuliko wa miezi saba, na kila wiki moja tumboni inamwongezea nafasi. Kwa nini basi wakunga, watu wenye macho makali vile, waliona kinyume? Ninadhani kuhesabu mimba bila kipimo ni kazi ya kukisia. Tena, samahanini, kila mtaa una bibi harusi aliyejifungua miezi saba baada ya ndoa, na kitoto kikatoka na kilo tatu na nusu na mashavu. Hao wa miezi saba kweli huishi! Wakunga walikuwa watu wa kusitiri, hawakusema zaidi.

Utani huo una gharama yake, kwa sababu bado nausikia msemo ule mjini humu, katika daladala na katika foleni za kliniki. Mwanamke amejifungua mapema, shangazi anamvuta kando anamwambia asijipe moyo sana. Mtoto anayeguna, anayeingiza mbavu, anayegeuka rangi midomoni, awe wa miezi saba au minane au tisa, afungwe kifuani kwa mtu mwenye joto, kichwa kikiwa kimefunikwa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Jiko la mkaa liacheni; moshi wake ni sumu kwa mapafu ya aina hiyo.

Mama yangu bado yu hai, ana miaka themanini na kitu. Wiki iliyopita nilikwenda kumwamkia nikamweleza nitakachokisema hapa, kwani habari ni yake kabla ya kuwa yangu. Alisikiliza habari ya povu, ya kondoo, ya chupa ya maji. Nilipofika kwa mtoto wa Rais akanikatiza.

"Huyo walimpa jina?"

Nikamwambia, ndiyo, aliitwa Patrick.

Akakaa kimya kitambo. Kisha akaniambia kwamba wa kwetu naye alikuwa nalo. Alimpa usiku wa pili, hakumwambia mtu, hata baba yangu. Akanitajia. Akaniruhusu kusema redioni kila kitu isipokuwa hilo.

Hadi wiki ijayo, wasikilizaji wapenzi, kwaherini.